Kima Punju na Kijidudu cha Udongo

Kusini ya kisiwa cha Unguja, pale msitu wa Jozani unapokoma na mashamba ya watu yanapoanza, viumbe wawili huishi karibu sana bila ya kujuana. Mmoja hukaa juu ya mkungu. Ana mgongo mwekundu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, na mkono ambao gumba lake limedumaa hata karibu halionekani. Wa pili hukaa chini, ndani ya mzizi wa mkunde, mdogo kiasi ambacho jicho la mtu haliwezi kumwona. Wa kwanza ana sheria ya kumlinda, walinzi wanaolipwa mshahara, na wageni wavukao bahari ili wamtazame. Wa pili hana hata jina katika vinywa vya watu wanaokula kwa kazi yake. Je, tofauti hii ni haki, au ni mapenzi ya macho tu, ambayo hupenda kionekanacho na kusahau kifichikacho?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la mchezo. Si la mchezo. Shilingi iliyotengwa kwa mnyama hainunui tena dawa wala mbegu, na eka iliyofungwa kwa msitu hailimwi. Mtu aambiwaye asikate mti ana haki ya kuuliza sababu, na sababu atakayopewa yapasa iwe ya kweli, isiwe ya kumnyamazisha.

Kwanza watazamwe wenyewe. Kima punju hapatikani kwa asili mahali pengine duniani ila Unguja na visiwa vidogo vilivyo ubavuni mwake. Wachache walio katika msitu wa Ngezi, Pemba, ni kizazi cha wale waliopelekwa huko katika miaka ya 1970. Punju ni sumu. Yasimuliwa kwamba wazee walimwita hivyo kwa kuamini kuwa mti aulao hufa, na mbwa alaye nyama yake hupukutika manyoya. Wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1868 wakampa jina la John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea aliyekuwa akikaa Unguja wakati huo, kana kwamba mnyama huyu alikuwa hajapata jina. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria kima zaidi ya 5,800 katika kisiwa kizima. Ni wengi kuliko walivyodhaniwa kabla, lakini ni watu wa mji mdogo tu, nao wametawanyika katika vipande vya msitu ambavyo kila mwaka hukatwa kwa kuni, kwa makaa na kwa mashamba. Yeye huhesabiwa rasmi miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Kijidudu wa udongo naye ana habari yake, na kwa kweli ni habari ya ajabu zaidi. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Hapana mmea wala mnyama awezaye kujenga mwili bila ya kitu hicho, na hapana mmea wala mnyama awezaye kukitwaa hewani kwa nguvu zake mwenyewe. Viumbe vyote hivi huogelea katika utajiri wasioweza kuugusa. Bakteria wachache ndio waliopewa ufunguo. Yule wa mkunde, ambaye wataalamu humwita Bradyrhizobium, hukaa udongoni akingoja. Mzizi mchanga ukitoa dawa fulani, yeye huitambua, akajibu kwa dawa yake. Unywele wa mzizi hujikunja ukamkumbatia, akaingia ndani, akazaana, na mzizi ukavimba vinundu. Humo mmea humlisha sukari, naye huulipa mmea kwa naitrojeni iliyokwisha kutiwa katika hali ya kulika. Ukikipasua kinundu kilicho hai hukuta rangi ya waridi, ambayo hutokana na kitu chenye chuma kilicho ndugu wa kile kinachofanya damu ya kima, na ya mtu, kuwa nyekundu. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel alieleza huko Ujerumani kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewa kwa njia ya vinundu. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alimtenga kijidudu mwenyewe. Wakulima walikuwa wamekwisha kujua kwa miaka elfu nyingi kwamba shamba lililochoka hupumzishwa kwa kunde. Walijua kazi, hawakumjua mfanyakazi.

Sasa wawekwe katika mizani. Kipimo cha kwanza ambacho watu hukimbilia ni faida, na kwa kipimo hicho shauri hukatwa upesi: kima hushindwa. Lau kima wote wa Unguja wangekufa kesho, jembe lingeendelea kulima na mvua ingeendelea kunyesha. Msitu ungepungukiwa na mlaji mmoja wa majani, na wenye hoteli wangepungukiwa na wageni. Lau bakteria wa namna ile wangekufa kesho, ardhi yote ingeanza kufilisika, na baada ya muda njaa ingeingia hata katika nyumba ambazo hazijapata kupanda kunde. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1913, kilipoanza kiwanda cha mbolea huko Oppau, Ujerumani, mwanadamu ameweza kuifanya kazi hiyo kwa moto na mashine kubwa. Walakini mkulima mdogo asiye na fedha ya mbolea bado amemtegemea kijidudu. Basi wale wanaomtetea kima kwa kutaja faida zake, kwamba huleta fedha za kigeni na kadhalika, wanamfanyia hatari wasiyoiona. Mtetezi wa namna hii humweka mteja wake mikononi mwa bei ya soko, na bei ya soko hushuka. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, wageni walikatika. Je, mwaka ule kima alikuwa na haki ndogo zaidi ya kuishi?

Wengine husema: si faida, ni uhaba. Kijidudu ni tele. Katika kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba bakteria huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Kima ni wachache, na kilicho haba huthaminiwa kama lulu. Hoja hii ina sura nzuri lakini haina mifupa. Mwaka 1977 mtu wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida aliugua huko Somalia, na mwaka 1980 ulimwengu ulitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Hapakuwa na kitu haba duniani kuliko viini vya ndui katika miaka ile mitatu, wala hapana mtu aliyevilinda kwa sababu ya uhaba wake. Watu walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Uhaba basi hauzai thamani; huongeza tu haraka ya kuilinda thamani iliyokwisha kuwapo kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo ni ipi? Moyo hujibu kabla ya akili: kima anafanana na mtu. Ana uso, ana vidole, humpakata mtoto kifuani, hutazama chini kutoka tawini kama jirani atazamavyo kutoka dirishani. Hapa yafaa kwenda polepole, kwani mapenzi ya namna hii aghalabu ni mapenzi ya kioo. Mtu humtazama kima akajiona mwenyewe, akajipenda. Kama ujamaa ndio sheria, basi kila mtu ataanza na wa nyumbani kwake, kisha wa kabila lake, kisha wa rangi yake, na historia imekwisha kuonyesha njia hiyo inakofikia. Zaidi ya hayo, ujamaa haukatiki pale jicho linapochoka. Maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kijidudu yamesomwa, na yameonekana kuandikwa kwa hati ile ile iliyomwandika kima na iliyomwandika profesa. Aliye karibu ni jamaa na aliye mbali ni jamaa. Tofauti ni ya umbali tu, na umbali peke yake haujapata kuwa hoja ya haki.

Albert Schweitzer, aliyeanza kutibu wagonjwa Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, aliliona jambo hili akalikubali mpaka mwisho wake. Alifundisha kwamba uhai wote ni wa kuheshimiwa, wala hakutaka kuupanga kwa vyeo vya juu na chini. Alipotazama viini vya malale kwa hadubini, aliandika kwamba alifurahi kuwa na dawa, na papo hapo alikumbuka kuwa anaangamiza uhai ili kuokoa uhai mwingine. Ni maneno ya mtu mkweli. Hata hivyo, mkulima mwenye jembe mkononi hawezi kupata mwongozo humo. Kila pigo la jembe huua viumbe wengi kuliko wakazi wa Dar es Salaam, na kama kila mmoja wao alidai heshima sawa na kima, basi kulima ni mauaji na kufunga ni kujiua. Schweitzer mwenyewe aliwatibu wagonjwa wake, wala viini havikuponea huruma yake.

Kwa nini basi pigo la jembe si dhuluma, na jiwe linalorushwa kwa kima ni dhuluma? Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliihamisha hoja kutoka kwenye akili na usemi akaipeleka kwenye maumivu. Swali halikuwa tena kama mnyama hufikiri, bali kama huumia. Hapa mizani yaanza kuonyesha kitu. Barabara iendayo kusini hukata ukingo wa Jozani, na zamani magari yalikuwa yakiua kima wengi wakivuka kwenda mashambani. Matuta yalipojengwa barabarani vifo hivyo vilipungua sana. Dereva apunguzaye mwendo hapo hamhurumii mnyama wa vitabuni, humhurumia yule aliye mbele ya gurudumu: jike mwenye mtoto tumboni pake, ambaye ana jambo la kupoteza na analiogopa. Ndani ya kijidudu, kwa kadiri ya elimu iliyopo, hapana mtu wa kupokea habari ya kifo. Hufa bila ya kufiwa na nafsi yake. Si udogo unaomtoa katika daftari ya dhuluma, maana mchwa ni mdogo na bado mtu husita. Ni kukosekana kwa yule anayetendewa.

Pengine mwanafunzi atadhani kuwa shauri limekwisha hapa. Halijesha. Mbuzi naye huumia, wala haumii kidogo kuliko kima. Siku ya Idi mbuzi huchinjwa Unguja, na mtu yule yule aliyechinja anaweza kufungwa jela kwa kuua kima. Kama maumivu peke yake ndiyo sababu, sheria hii ni upumbavu. Maumivu yaeleza kwa nini kima huyu mmoja asiteswe. Hayaelezi kwa nini kima wasikome. Ni haki mbili tofauti, na watu wengi wenye nia njema huzifunga pamoja kama kuni, kisha hushangaa kwa nini mzigo unafunguka njiani. Moja humhusu mmoja mmoja, nayo kijidudu hana sehemu ndani yake. Nyingine huhusu ukoo mzima, na hapa ndipo kijidudu, kwa kuwekwa kando ya kima, anapofundisha jambo ambalo kima peke yake asingelifundisha.

Bakteria wa vinundu huweza kutunzwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kazi hiyo tangu miaka ya 1970: aina njema zilitafutwa, zikawekwa, zikakuzwa, zikachanganywa na unga wa kupaka mbegu, na wakulima wa Kenya wameununua katika pakiti kwa jina la Biofix. Ukoo wa namna hii waweza kukaa katika chupa miaka mingi, ukasafirishwa, ukarudishwa udongoni, ukaendelea na kazi kana kwamba haukulala. Aliyeuua shambani kwake kwa ujinga aweza kuununua tena dukani.

Kima punju hana chupa. Jamaa zake, mbega wekundu wa Afrika, hawajapata kustawi katika mabustani ya wanyama. Chakula chao, matumbo yao na jamii zao hukataa kufungwa. Tumbo la mnyama huyu lina vyumba kama la mbuzi, na ndani yake jeshi la bakteria huchachua majani ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuyayeyusha. (Hivyo hata hao wawili waliowekwa katika mizani si wawili kamili. Juu ya mkungu bakteria wamo pia, na ikiwa miongoni mwao wako wasioishi mahali pengine, kima akikoma nao watakoma, bila ya kuorodheshwa na mtu yeyote.) Tena ukoo wake haubebwi na damu tu. Kima wa Jozani wanaokula mashambani hupenda majani ya mwembe na mkungu, miti iliyoletwa na watu, yenye dawa kali zinazozuia uyeyushaji wa chakula. Nao wamejifunza kula makaa. Huyaokota kwenye matanuri na kwenye visiki vilivyoungua, na makaa huzishika zile dawa tumboni. Waliowachunguza wanaona kwamba mtoto huipata desturi hii kwa mama yake. Ujuzi kama huo hauna ghala. Huishi kwa kupokezanwa tu, mkono kwa mkono, na mkono mmoja ukikatika hapana wa kuufufua.

Kwa hiyo thamani inayomdai mwanadamu hapa si cheo cha kima juu ya kijidudu. Ni hali yake ya kuwa kitu kinachoendelea kwa kuendelea tu, ambacho mtu amekishika mkononi, anajua kuwa amekishika, na akikiangusha hana namna ya kutubia. Makosa mengi ya binadamu yana mlango wa nyuma: mwizi hurudisha, msingiziaji huomba radhi, aliyekata mti hupanda mwingine. Kosa hili halina mlango. Katika misitu ya Ghana na Côte d'Ivoire alikuwako ndugu wa kima punju, mbega mwekundu aliyepewa jina la Waldron. Mwaka 2000 wataalamu waliotafuta miaka kadhaa bila ya kumwona walitangaza kwamba yaelekea amekwisha. Hapana mkutano uliokaa ukaamua amalizwe. Wawindaji walitafuta nyama, wakataji walitafuta mbao, kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo, na jumla yake ikawa jambo ambalo hapana hata mmoja wao aliyelitaka.

Na lau siku moja itapatikana bakteria iliyo katika hali hiyo hiyo, isiyotunzika chupani, iliyobaki katika chemchemi moja tu ambayo mtu anataka kuifukia, hoja hii yaidai haki yake vilevile, ingawa haina macho ya kutazama. Msomaji atakayeona jambo hili kuwa gumu kumeza ajiulize kama si lile gumba na ule uso uliokuwa ukimshawishi tangu mwanzo.

Lakini iko deni moja ambalo wanafalsafa wa mijini hulisahau upesi. Wajibu huu ni wa wote, na gharama yake huangukia wachache. Mkulima wa kando ya Jozani huishi kwa kijidudu na kutakiwa kuishi kwa ajili ya kima. Ni yeye aonaye vidaka vya minazi yake vikiliwa. Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza lalamiko hilo, na mwaka 1999 walitangaza waliyoyaona: mahali kima walipokula vidaka vingi, nazi zilizoanguliwa hazikupungua, bali ziliongezeka. Yamkini mnazi hupunguziwa mzigo na kima kama vile mkulima apunguzavyo miche iliyosongamana. Habari hii ni njema, na wako walioitumia kumfungia mkulima mdomo. Hilo si sawa. Mtu aliyekosea hesabu ya nazi hajakosea katika hesabu ya haki. Ardhi aliyozuiwa kukata kuni ilikuwa ya babu yake kabla ya kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Sehemu ya ada za wageni imekuwa ikipelekwa vijijini, ikajenga hiki na kile, nayo ni mwanzo wa kulipa, ingawa yafaa pasiwe na mtu wa kuiita sadaka. Ulimwengu uliompa kima jina lake wa kwanza ndio uliopaswa kuwa wa kwanza kutoa mfuko.

Wakati wa mavuno mkulima hung'oa mikunde yake akaitupa lundo, mizizi juu, na vinundu hukauka juani vikageuka rangi ya udongo. Upande wa pili wa ua tanuri lililochomwa usiku limepoa. Lilikula mti mmoja wa msitu. Kima hushuka kwa tahadhari, jike mbele na mtoto akimfuata, huchagua kipande cha kaa, hukitazama, hukitia mdomoni, kisha hupanda mwembeni, na mtoto hunyoosha mkono kukiomba.